Maabara ya Bakteria na Bili ya Watu Wake

Dola 250,000 kwa mwaka. Ukisoma kwamba maabara ya chuo kikuu fulani cha Marekani imepata fedha za serikali kuchunguza jinsi bakteria wanavyoshambulia mapafu au damu, mara nyingi kiasi kilicho nyuma ya habari hiyo ni hicho, kwa miaka minne au mitano. Katika makala haya nitatumia kiwango cha Sh2,500 za Tanzania kwa dola, kwa sababu ni rahisi kuzidisha na hakiko mbali na bei za mwaka 2025. Kwa kiwango hicho, dola 250,000 ni Sh milioni 625 kwa mwaka, au Sh bilioni 3.125 kwa miaka mitano. Ninachotaka kujua ni kidogo tu: fedha hizo zinalipa watu wangapi, na baada ya kuwalipa kinabaki nini cha kununulia vitendanishi?

Mtoaji mkubwa wa fedha hizi ni Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH. Ruzuku yake ya kawaida kwa maabara moja huitwa R01. Tangu mwaka 1999 mwombaji anayehitaji hadi dola 250,000 kwa mwaka hujaza bajeti fupi ya mafungu ya dola 25,000, bila kuorodhesha kila chupa. Anayetaka zaidi anaruhusiwa, ila ataeleza kila senti, na akifika dola 500,000 kwa mwaka lazima aombe kibali kwanza kabla ya kuwasilisha. Kwa hiyo 250,000 si ukomo wa kisheria. Ni ukomo wa urahisi, na urahisi una nguvu yake.

Tuanze na jambo ambalo tangazo la ruzuku halisemi. Ukomo huo wa mwaka 1999 haujasogea, lakini bei zimesogea. Kwa kipimo cha bei za walaji nchini Marekani, kilichonunuliwa kwa dola 250,000 mwaka 1999 kilihitaji takribani dola 470,000 mwaka 2024. Fomu ni ileile na namba ni ileile, ila thamani yake imebaki kama asilimia 53 ya ilivyokuwa.

Kwa upande wa watu, pengo ni kubwa zaidi. Mtafiti wa baada ya uzamivu ni mtu mwenye shahada ya udaktari anayefanya kazi kwa mkataba wa muda ndani ya maabara ya mwingine, akisubiri au akitafuta nafasi ya kudumu. NIH hutangaza posho ya kuanzia ya watu hawa, na vyuo vingi huifanya kipimo cha mishahara yao. Mwaka wa fedha 1999 posho hiyo ilikuwa dola 26,256. Mwaka wa fedha 2024 ilikuwa dola 61,008. Gawanya 250,000 kwa namba ya kwanza, unapata watu 9.5. Gawanya kwa namba ya pili, unapata 4.1. Hakuna maabara inayotumia ruzuku nzima kwa watafiti wa aina hii, lakini kama kipimo cha uwezo wa kuajiri, ruzuku ya leo ina nguvu isiyofika nusu ya ile ya 1999.

Mtu anaweza kusema kwamba tatizo basi ni mishahara iliyopanda mno. Hesabu inakubali nusu tu ya hoja hiyo. Bei zilipanda mara 1.88 katika miaka hiyo 25, na posho ilipanda mara 2.32, kwa hiyo mtafiti huyu yuko mbele ya mfumuko wa bei kwa takribani asilimia 23. Lakini dola 26,256 za mwaka 1999 zilikuwa zimetoka tu kupandishwa kwa robo, kutoka 21,000 za mwaka uliotangulia, kwa sababu zilionekana hazimtoshi mtu mwenye udaktari. Ukianza kupima mtu akiwa shimoni, hatua yoyote itaonekana ndefu.

Sasa tujenge maabara. Ni ya mfano, na kila dhana nitaitaja ili msomaji aibadilishe akitaka. Mtafiti mkuu ni profesa ambaye ruzuku iko chini ya jina lake. Kwa kawaida huyu hashiki tena bomba la kupimia. Kazi yake ni kuandika maombi, makala na barua za kuwatetea wengine. Chini yake kuna watafiti wawili wa baada ya uzamivu, wanafunzi wawili wa uzamivu, na mteknolojia wa maabara anayeagiza vifaa, anayetunza friji la nyuzi 80 chini ya sifuri lenye aina zote za bakteria walizokusanya, na anayemfundisha kila mgeni asichafue sahani za kuoteshea.

Bili yao ni hii. Watafiti wawili kwa dola 61,008 kila mmoja, ukiongeza asilimia 25 ya bima na michango ya mwajiri, ni dola 152,520. Kwa mwanafunzi, NIH inaruhusu ruzuku igharimie jumla isiyozidi posho ya mtafiti anayeanza, yaani ada, bima na fedha ya kujikimu vyote ndani ya dola 61,008. Wanafunzi wawili kwenye ukomo huo ni dola 122,016. Mteknolojia nimemkadiria dola 50,000, na pamoja na michango ni 62,500. Profesa nimemkadiria dola 150,000, na ruzuku inalipa asilimia 20 ya muda wake, kwa hiyo 37,500 pamoja na michango. Jumla ni dola 374,536, au Sh milioni 936.3. Tumevuka ruzuku kwa dola 124,536, na bado hatujanunua hata sahani moja.

Maabara ya watu sita, basi, haiwezi kuishi kwa R01 moja. Tupunguze: mtafiti mmoja (76,260), mwanafunzi mmoja (61,008), mteknolojia mmoja (62,500), na asilimia 20 za profesa (37,500). Ni dola 237,268, sawa na asilimia 94.9 ya ruzuku. Zinabaki dola 12,732 kwa mwaka mzima, au Sh milioni 31.8, za kununulia vitendanishi, glavu, antibayotiki za majaribio na huduma ya kusoma jenomu. Hapo profesa hufanya kile ambacho maprofesa wengi hufanya: anamkata mteknolojia nusu na kumwomba mwenzake wa chumba cha pili alipe nusu nyingine. Watu sasa ni dola 206,018, au asilimia 82.4, na kinachobaki ni dola 43,982.

Kiasi hicho kinaonekana kizuri hadi panya waingie. Utafiti wa maambukizi hauishii kwenye sahani. Mara nyingi lazima uonyeshe kwamba bakteria aliyeondolewa jeni fulani anashindwa kumwua mnyama. Vyuo hutoza ufugaji kwa kizimba kwa siku. Chukua dola 1, ambayo ni dhana ya kadiri, na vizimba 60. Kwa siku 365 ni dola 21,900, yaani asilimia 49.8 ya kilichobaki. Zinabaki dola 22,082, au dola 1,840 kwa mwezi kwa mahitaji mengine yote.

Dhana iliyo dhaifu zaidi katika bajeti yangu ni ile asilimia 20 ya profesa. Vyuo vingine, hasa vya tiba, humtaka mtafiti mkuu atafute nusu ya mshahara wake au zaidi kutoka nje. Badili asilimia 20 iwe 50, na profesa huyuhuyu anagharimu dola 93,750, sawa na asilimia 37.5 ya ruzuku. Tofauti ya dola 56,250 inakaribia gharama nzima ya mwanafunzi mmoja. Maabara mbili zenye ruzuku sawa, swali sawa na bakteria sawa zinaweza kutofautiana kwa mtu mzima mmoja, na sababu ni kanuni ya mwajiri tu.

Tumtazame mwanafunzi huyo kwa karibu. Posho ambayo NIH yenyewe huwapa wanafunzi wa uzamivu kupitia mafunzo yake ilikuwa dola 28,224 mwaka wa fedha 2024, sawa na Sh milioni 5.88 kwa mwezi. Kwa saa 40 za wiki, wiki 52, ni dola 13.57 kwa saa. Kima cha chini cha jimbo la Massachusetts, lenye vyuo vikubwa kadhaa vya utafiti, ni dola 15 tangu 2023. Na bakteria hawaheshimu saa 40: mkondo wa ukuaji unaoanza asubuhi unapimwa hadi usiku, na sahani zilizooteshwa Ijumaa husomwa Jumamosi. Kwa saa 55 za wiki, posho ileile inashuka hadi dola 9.87 kwa saa. Ni haki kuongeza kwamba vyuo vingi vya miji ghali huongeza fedha juu ya kiwango hiki. Ni haki vilevile kuongeza kwamba fedha hiyo ya nyongeza inapotolewa kwenye R01, inatoka katika dola 250,000 zilezile.

Hapa ndipo madai ya watumishi na hesabu ya maabara hugongana. Novemba 2022, wafanyakazi wa kitaaluma wapatao 48,000 wa Chuo Kikuu cha California waligoma, wengi wao wanafunzi na watafiti wa muda, na wakapata nyongeza. Desemba 2023, jopo la washauri wa NIH lilipendekeza mtafiti wa baada ya uzamivu aanze na dola 70,000. Hiyo ni asilimia 14.7 juu ya 61,008. Ukomo wa bajeti fupi ukibaki pale ulipo, wale watafiti 4.1 wanakuwa 3.6. Nyongeza ni ya haki kwa anayeipata. Bila fungu jipya, anayeilipia ni yule ambaye hataajiriwa, na huyo hana chama.

Zaidi ya nusu ya watafiti hao wa muda nchini Marekani wako huko kwa viza, wakiwamo Watanzania, Wakenya na Waganda wachache. Septemba 2025 serikali ya Marekani iliweka ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya viza ya H-1B kwa walio nje ya nchi. Wengi huingia kwa viza ya J-1, ambayo haikuguswa, kwa hiyo athari isikuzwe kupita kiasi. Lakini ipime: ada hiyo ni mara 1.64 ya mshahara wa mwaka wa anayeombewa, na asilimia 40 ya ruzuku nzima ya mwaka.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana kwenye bajeti yoyote, nayo ni ya kushindwa. Kwa kadiri, ombi moja kati ya matano ya aina ya R01 hufanikiwa, na miaka mingine ni pungufu ya hapo. Tuseme ombi moja linakula wiki sita za profesa. Basi ruzuku moja iliyopatikana imegharimu wiki 30. Kwa mshahara wetu wa mfano pamoja na michango, dola 187,500 kwa mwaka, wiki 30 ni takribani dola 108,000, sawa na asilimia 8.7 ya ruzuku nzima ya miaka mitano. Chuo ndicho kinacholipa muda huo, au familia ya profesa, kwa kuwa maombi huandikwa usiku.

Ndiyo maana umri wa kupata R01 ya kwanza umepanda. Mwaka 1980 wastani ulikuwa chini ya miaka 40, leo umeivuka. Udaktari wa sayansi ya viumbe nchini humo huchukua takribani miaka sita, na ruzuku hudumu mitano. Mwanafunzi anayeanza siku ya kwanza ya ruzuku mpya, kwa wastani, hamalizi kabla fedha hazijaisha.

Mpaka hapa nimesema juu ya gharama za moja kwa moja, yaani zile zinazotambulika kuwa za mradi fulani. Juu yake chuo hupokea gharama zisizo za moja kwa moja: umeme, maji, uhasibu, usalama wa kibayolojia, paa. Nitaziita gharama za chuo. Kila chuo hujadiliana na serikali kuhusu kiwango chake, na vikubwa vina viwango vya juu: Harvard 69%, Yale 67.5%, Johns Hopkins 63.7%, kwa mujibu wa takwimu ambazo NIH yenyewe ilizitangaza Februari 2025.

Asilimia hizo husomwa vibaya na pande zote mbili. Asilimia 60 haimaanishi kwamba senti 60 za kila dola zinakwenda kwa chuo. Kiwango hupigwa juu ya gharama za moja kwa moja baada ya kuondoa ada za wanafunzi na vifaa vikubwa. Katika maabara yetu, chukua ada ya dola 25,000 na uitoe. Msingi unabaki 225,000. Asilimia 60 yake ni 135,000. Jumla ya ruzuku ni dola 385,000, na sehemu ya chuo ni asilimia 35.1. Mkosoaji atakwambia 60, mtetezi atakwambia 35, na wote wawili hawajadanganya.

Kitaifa ni vivyo hivyo. Katika tangazo lake la Februari 2025, NIH ilieleza kwamba mwaka wa fedha 2023 ilitumia zaidi ya dola bilioni 35 kwenye ruzuku za ushindani: bilioni 26 za moja kwa moja na bilioni 9 za vyuo. Tisa kwa 26 ni asilimia 34.6, tisa kwa 35 ni asilimia 25.7. Tangazo hilohilo lilisema fedha hizo zilikwenda kwa karibu ruzuku 50,000 na zaidi ya watafiti 300,000. Gawanya, na kila ruzuku inabeba watu sita. Maabara yetu ya mfano ilishindwa kubeba sita. Ilibeba kama watatu. Maelezo yapo: wapo ndani ya hesabu watu wanaolipwa sehemu tu ya mshahara, na zipo ruzuku kubwa za vituo vizima zinazovuta wastani juu. Lakini mtu akikwambia "ajira 300,000", muulize ngapi kati yake ni za mwaka mzima.

Tangazo hilo la Februari 2025 lilikusudia kushusha gharama za chuo hadi asilimia 15 kwa wote. Mahakama ya shirikisho mjini Boston ililizuia. Kwa maabara yetu, 15% ingekuwa dola 33,750 badala ya 135,000: pungufu la dola 101,250, au Sh milioni 253, kwa mwaka. Vyuo vilisema ni pigo lisilovumilika. Huenda. Sehemu moja ya madai yao ina uzito kuliko inavyosemwa: fungu la utawala ndani ya viwango hivyo limewekewa ukomo wa 26% tangu 1991, kwa hiyo kinachozidi hapo ni majengo na mitambo, si mishahara ya maofisa.

Sasa weka namba moja pembeni. Taasisi iliyo nje ya Marekani inapopokea ruzuku ya NIH, iwe Muhimbili, Moshi au Nairobi, gharama zake zisizo za moja kwa moja zimekuwa na ukomo wa asilimia 8. Kiwango kilichoitwa maafa kule Boston ni karibu mara mbili ya kiwango cha kawaida huku.

Je, kazi huku ni ndogo kiasi hicho? Tupime kwa wagonjwa. Makadirio yaliyochapishwa katika jarida la Lancet yanaonyesha kwamba mwaka 2019 vifo milioni 7.7 duniani vilihusishwa na bakteria 33, sawa na asilimia 13.6 ya vifo vyote. Kusini mwa Sahara kiwango kilikuwa vifo 230 kwa kila watu 100,000, na katika nchi tajiri 52.2. Ni mara 4.4. Hizi ni namba za modeli, si za rejista, na udhaifu wake mkubwa uko hapahapa kwetu: utafiti wa MAAP kuhusu usugu wa bakteria kwa dawa, uliotolewa 2022, uliangalia maabara zipatazo 50,000 katika nchi 14 za Afrika, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwamo, na kukuta ni asilimia 1.3 tu zinazofanya vipimo vya bakteria. Ni kama maabara 650. Penye wapimaji wachache ndipo modeli inapolazimika kukisia zaidi.

Pale watu walipowekwa, namba zilitoka. Kilifi, pwani ya Kenya, kati ya Agosti 1998 na Julai 2002 watoto 19,339 walilazwa hospitali ya wilaya, na damu ya watoto 16,570 ikaoteshwa, yaani asilimia 85.7. Bakteria walipatikana kwa 1,094, na 308 kati yao walifariki. Theluthi moja ya vifo hivyo vilitokea siku ileile ya kulazwa. Muhimbili, katika utafiti uliochapishwa 2007, watoto 255 kati ya 1,828 waliolazwa na dalili za maambukizi ya mwili mzima walikuwa na maambukizi ya damu yaliyothibitishwa na maabara. Waliokuwa na bakteria wa kundi la Gram-hasi walifariki kwa asilimia 43.5, ilhali wagonjwa wa malaria walifariki kwa asilimia 20.2. Bila anayeotesha damu, mtoto wa kundi la kwanza angeweza kutibiwa kama wa kundi la pili.

Kazi hiyo ni ya mikono. Chupa 16,570 kwa siku 1,461 ni chupa 11 kila siku, Krismasi na Idi zikiwamo. Ili kumpata mtoto mmoja mwenye bakteria ilibidi chupa 15 zioteshwe. Tuseme kila chupa inachukua nusu saa ya mtu kuanzia kupokelewa hadi majibu: ni saa 8,285, ambazo ni karibu miaka minne ya mtumishi mmoja. Mtu mmoja, kwa hiyo, kwa kipindi chote, akifanya hilo tu, bila likizo wala kuugua. Nadhani nusu saa ni kidogo, maana chupa yenye majibu chanya hudai siku za kutambua bakteria na kupima ni dawa ipi inayomweza.

Tuhamishe sasa maabara yetu hadi Dar es Salaam, kwa dhana nyingine zilizo wazi. Mtafiti mwenye uzamivu Sh milioni 4 kwa mwezi. Nusu ya mteknolojia wa Sh milioni 1.5, asilimia 20 ya profesa wa Sh milioni 6, mchango wa mwajiri kwa mfuko wa pensheni asilimia 15, mwanafunzi Sh milioni 20 kwa mwaka, ada ya milioni 5 ikiwa ndani. Watu wote ni Sh milioni 102.1 kwa mwaka. Vitendanishi, kwa dola zilezile 43,982, ni Sh milioni 110. Jumla ni Sh milioni 212, yaani dola 84,826. Ruzuku moja ya Marekani ingeendesha maabara kama hizi karibu tatu.

Wafadhili huipenda sentensi hiyo ya mwisho, nami naitilia shaka. Sehemu ya watu imeshuka kutoka asilimia 82.4 hadi 48, kwa sababu mshahara ni wa hapa ilhali bei ya vitendanishi ni ya dunia. Na dhana kwamba tunanunua kwa bei ya Boston ni ya upole mno: kuna wakala, ndege, barafu kavu na siku za kusubiri bandarini au uwanjani. Ongeza asilimia 50, na vitendanishi vinakuwa Sh milioni 165 huku sehemu ya watu ikishuka hadi asilimia 38. Unafuu wa maabara ya Afrika unatokana na malipo ya mtu pekee, kisha unaliwa kwenye usafirishaji.

Njia ambayo fedha hizi zilifika huku nayo ilifungwa kwa muda mwaka 2025. Maabara nyingi za Afrika Mashariki hazikuwa zikipokea ruzuku ya NIH moja kwa moja. Zilipokea fungu dogo kupitia chuo cha Marekani chenye ruzuku kuu. Mei 1, 2025, NIH ilitangaza kusimamisha utoaji wa mafungu ya namna hiyo kwa taasisi za nje hadi mfumo mpya wa ufuatiliaji uwekwe. Sababu iliyotolewa ni kwamba fedha hazikufuatiliwa vizuri. Kufuatilia ni kazi ya uhasibu, na uhasibu hulipwa kutoka gharama za chuo.

Basi tupige hesabu ya uhasibu huo. Toa ada ya milioni 5 kwenye Sh milioni 212. Msingi unabaki milioni 207. Asilimia 8 yake ni Sh milioni 16.6 kwa mwaka, au Sh milioni 1.38 kwa mwezi. Ndani yake mna mhasibu, mlinzi, jenereta ya friji la nyuzi 80 chini ya sifuri, maji, na tanuri la kuchomea sahani zilizotumika. Tangu Julai 2025 kima cha chini cha mshahara serikalini Tanzania ni Sh 500,000. Kwa hiyo, kabla ya mchango wa pensheni, fungu lote la uendeshaji wa maabara hii linawalipa watumishi wawili wa kima cha chini na kubakiza Sh 380,000 za umeme.